Meno ya Bunju wa Makomeno

Sogea karibu, rafiki yangu, maana jambo hili halielezeki kwa haraka. Juma lililopita nilipita Makomeno, mtaa wa wafanyakazi wa reli nilimozaliwa, nikachungulia ua wa nyumba yetu ya zamani. Karo la saruji la kufulia ambalo mama alilisugua kila Jumamosi limejazwa udongo na kupandwa lengalenga, ule mchicha wetu. Nikacheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akatoka kunitazama. Ningemwambia nini? Kwamba mle kwenye karo aliwahi kuishi samaki aliyetuchosha kuliko vita?

Alikuwa bunju, yule samaki anayejijaza maji mpaka anakuwa mviringo kama mpira. Usidhani wote ni wa baharini. Wako wa maji yasiyo na chumvi, na huyu wangu alitoka ziwa la Tanganyika.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo. Mji wetu bado uliitwa Élisabethville. Bendera ilikuwa mpya, na shuleni tulifundishwa wimbo mpya huku tukiendelea kuchanganya maneno ya ule wa zamani. Mwalimu wetu, ambaye pia alikuwa jirani yetu nyumba ya pili, aliweka tangi la kioo darasani chini ya dirisha. Samaki wake aliletewa na marafiki zake waendesha treni, ndani ya ndoo za maziwa zenye mfuniko. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na kitu kimoja alikuwa tayari kukieleza mara tano bila kukasirika.

Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Kisha yakaanza maneno mtaani kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na baada ya maneno yakaja mawe juu ya bati. Asubuhi moja tukaambiwa kwamba mwalimu anahamia na familia yake kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya mji, inayolindwa na askari wageni wenye kofia za buluu. Kabla ya kuondoka, alituita sisi watoto wa jirani tuje na vyombo, kila mmoja achague samaki.

Wenzangu walichagua wenye rangi. Mimi nilimchagua bunju, kwa sababu macho yake yaligeuka kila moja upande wake, na kwa sababu nilipogusa kioo alinifuata. Mwalimu alinieleza mambo matatu. Nisimtoe nje ya maji, maana akimeza hewa anaweza kufa. Nisimchanganye na samaki mwingine, maana atamng'ata. La tatu sikulisikia. Nilishaanza kukimbia na ndoo yangu, na nyuma yangu sauti yake ikawa inaniomba nipunguze mwendo, "Doucement, mutoto, doucement! Sijamaliza!"

Sijamaliza. Neno hilo lilinigharimu miezi mitatu ya kero.

Kwanza, mahali pa kumweka. Chombo pekee kikubwa kilikuwa karo la kufulia.

"Na nguo nitafulia wapi?" mama akauliza. "Mu kichwa yako?"

Halafu chakula. Nilimpa bukari, ugali wetu, akaitema. Nilimpa sombe ya majani ya muhogo, akaiangalia kama mgeni aliyekosewa heshima. Akamrukia mende, akamtema pia. Alipoona mtu anapita alipanda juu na kurusha maji, na maji yakamwingia baba kwenye viatu alivyokuwa ametoka kuvipiga rangi.

"Nitaitia mu mafuta leo leo," mama akasema.

"Ile bantu habaikulake," baba akajibu kwamba samaki yule haliwi, akikung'uta mguu. Yeye alikulia karibu na ziwa. "Iko na sumu. Utatuua shiye bote, kisha yenyewe itabakia na nyumba."

Aliyemwokoa ni kambo, bibi yangu mzaa mama. Kambo aliinama, akakichungulia kinywa cha samaki, akaona meno manne meupe, mawili juu na mawili chini.

"Leka," akasema, akiwataka wamwache. "Ni meno sawa ya mutoto. Mutoto wa meno ine habamupake kintu cha nguvu."

Alimaanisha asipewe kigumu, akafanya kama alivyotufanyia wajukuu wote tulipoachishwa ziwa. Alichukua dagaa wakavu, akawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, akawachanganya na uji mzito, akafinyanga vidonge vidogo. Bunju akala. Akala vyote! Kambo akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nyumba iliamka kwa mlio wa kinu, na chakula kilicholainishwa kuliko vyote pale nyumbani kilikuwa cha samaki.

Kisha mapigano yakaingia mjini na mabomba yakakauka. Tulipanga foleni kisimani na ndoo mbili: moja ya kunywa, moja ya kupika na kuoga. Maji ya karo yakawa ya kijani. Nilipunguza maji yangu ya kuoga nikampelekea samaki, na mama alinigundua kwa harufu. Alinikemea mpaka majirani wakaja kusikiliza.

Katikati ya shida hiyo, bunju akaacha kula. Niamini, hilo ndilo lililonivunja. Angekataa tu ningemsusia. Lakini hakukataa: alikuja mbio kwenye kidonge, akakigonga kwa mdomo, kikamponyoka, akarudi tena, kikamponyoka. Tumbo likabonyea. Kambo akadhani kidonge ni kigumu, akatwanga zaidi, akachekecha. Siku ya tano nililala kifudifudi ukingoni mwa karo, nikamtazama kinywani. Meno yalikuwa marefu. Ya juu yalishuka yakapita ya chini, kama mkasi uliofungwa, na mdomo haukufunguka tena. Alikuwa anakufa njaa mbele ya chakula, na mimi ndiye niliyemlisha.

Nilimlilia baba anipeleke kwa mwalimu. Alikataa siku mbili. Watu waliotazama upande ule wa kambi walipata majina mabaya. Jumapili alibeba nusu gunia la unga wa mahindi, akanishika mkono.

Kambi ilikuwa vibanda vya maturubai na majani hadi macho yanapochoka. Mwalimu tulimkuta ameketi juu ya sanduku lake, shati limemlegea, amezungukwa na watoto wanaoandika kwa vidole mchangani. Mimi sikusalimia.

"Mwalimu, meno yake yanakua!"

Baba akainamisha kichwa kwa aibu. Mwalimu akanitazama, kisha akacheka, kicheko kilichomtoa machozi.

"Mulikuwa munaipa nini?"

"Dagaa. Kambo anaitwanga."

"Anaitwanga!" Akajifuta macho, akanionyesha pa kuketi. "Bon. Ikala. Nilikuwa sijamaliza."

Akanieleza pale pale, taratibu, kama tuko darasani. Meno ya bunju hayaachi kukua maisha yake yote. Huyasaga mwenyewe kwa kuvunja magamba ya konokono. Ukimpa laini tu, yanamfunga kinywa. Nimshike kwa kitambaa kilicholowa, chini ya maji, mtu mwingine akate ncha kidogo kidogo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikatio chake cha kucha, akaniwekea kiganjani.

"Utanirudishia siku nikitoka hapa."

Kisha akauliza, "Na bale bengine?" Nilijua samaki wa wenzangu wote walikufa, wa mwisho mabomba yalipokauka. Nikamwambia amebaki wangu tu. "Basi kimbia," akasema. "Leo unaweza kukimbia."

Kambo alishika, baba akakata, mimi nikaelekeza. Bunju akavimba mkononi mwa kambo; kambo akapiga yowe, lakini hakumwachia. Jioni nikaleta konokono kutoka kijito cha nyuma ya reli. Mama, yule yule wa mafuta, akamponda mmoja kwa jiwe ili kumsaidia. Samaki akampita. Nikamdondosha mzima. Tukasikia: *ka!* Gamba limepasuka ndani ya maji, na vipande vikashuka polepole hadi chini.

Kambo akavuta kanga yake begani. "Myezi mutatu miye natwanga bure," akasema, na hakumsamehe samaki yule tena.

Bunju alidumu hata baada ya Katanga kurudi Kongo. Mwalimu hakurudi. Treni ziliwachukua watu wa kambi kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na kikatio kikabaki kwangu. Darasa lile sasa ni ghala, kijito kimefunikwa na nyumba. Sijaona tena mtu anayefunga darasa lake kwa kugawa samaki, wala aliyeishiwa na kila kitu isipokuwa uvumilivu wa kueleza.

Kwa hiyo, ukipata bunju wako wa kwanza, usiogope, utaweza. Tafuta konokono wa maji safi, mdogo kuliko jicho la samaki wako. Mdondoshe mzima, na gamba lake. Kisha rudi nyuma hatua mbili, umwache avunje mwenyewe.