Daftari la Kuazimisha

Nilipokuwa kidato cha kwanza Maneromango nilikuwa na madaftari mawili ya hesabu: moja langu, jingine la kuazimisha. Nilikuwa nimechoshwa na wenzangu walionakili kazi yangu. Kila asubuhi waliniambia, "Lete nihakikishe majibu," na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu la kuhakikisha.

Wiki hiyo mwalimu wa hesabu alitangaza kwamba mmoja wetu angekwenda Kibaha kwenye mashindano, naye angemchagua kwa kazi ya nyumbani ya Ijumaa. Nilikuwa sijawahi kufika Kibaha. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula hakipiti.

Basi kwenye daftari la kuazimisha nikageuza x na y kila mahali. Nukta (2, 5) ikawa (5, 2), na (6, 13) ikawa (13, 6). Mteremko ukatoka nusu badala ya mbili, na mstari uliotakiwa kupanda ukalala kivivu. Niliuchora kwa rula na kalamu nyekundu ili uaminike. Madaftari yote mawili niliyafunika kwa karatasi ya kaki, yafanane.

Ijumaa wakanakili kwa zamu, nami nikijifanya nanung'unika. Wa mwisho alikuwa jirani yangu wa dawati, msichana mpole aliyehamia kutoka Vihingo.

"Unanakili au umelala?" nikamuuliza.

"Namalizia," akasema, huku akifuta kitu kwa raba.

Akanirudishia daftari wakati kiranja amekwisha kutusimamia akikusanya. Nikalitia kwenye rundo bila kufikiri.

Jumatatu mwalimu akaingia na rundo lake. "Mistari kumi na tisa imelala upande mmoja," akasema. "Mmoja tu umesimama." Nikatabasamu. Kisha daftari langu likatua mbele yangu na sifuri.

Nikainuka. "Mwalimu, ninalo jingine."

"Jingine la nini?"

Darasa zima likanigeukia. Nikakaa.

Mstari uliosimama ulikuwa wa jirani yangu. "Si ulinakili kwangu?" nikamnong'oneza kwa hasira.

"Ndiyo. Ila ulikuwa umegeuza x na y, nikajua umechoka. Nilikuandikia, hukuona?"

Nikatazama. Pembeni ya swali la kwanza, kwa penseli, palikuwa na maneno madogo: *Anza na x. Wahi kusahihisha kabla hajakusanya.*

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikwenda Kibaha na rula yangu.