Ndege ya Vita Yenye Kiwele

Mwanangu ana ugonjwa wa ndege za vita. Hajawahi kupanda hata ile ya abiria ya kwenda Dar, lakini simu yake imejaa picha za ndege za kivita za zamani, na anazozipenda zaidi ni zile za ajabu: yenye injini mgongoni, yenye bawa refu huku na fupi kule, mbili zilizounganishwa zikawa pacha. Amezigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zilizokuwepo kweli, hata kama iliundwa moja tu ikaanguka siku hiyohiyo. La pili ni za uongo, zilizochorwa na watu wasio na kazi wakavisingizia vita. Juzi jioni, tukifunga duka letu hapa Geita, nikamwambia kwamba mimi nimewahi kuwa rubani wa ndege ya vita yenye nundu na kiwele. Alicheka mpaka akakalia gunia la mchele. Akaichora haraka kwa kidole, akaitupa kwenye fungu la uongo.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha. Kwa hiyo nakusimulia wewe, rafiki yangu, ambaye angalau hujacheka bado.

Nililelewa na Bibi nje kidogo ya Tinde, mahali ambapo usiku ulisikia malori yakipanda barabara kuu na asubuhi ukasikia kengele za ng'ombe. Kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juu ya miamba mpaka vikakauka kabisa, tukavichemsha na kuvila na karanga. Kulikuwa na harufu ya moto wa mavi ya ng'ombe, ambayo wageni hukunja pua wakiisikia na mimi hadi leo hunipa njaa. Na kulikuwa na ngoma ya Bibi.

Ngoma ile ilikuwa ya kina mama waliolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ilipigwa kando ya shamba na majembe yakapanda na kushuka kwa kuifuata, na yeyote aliyechoka aliona aibu kusimama peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuipasha ngozi yake kwenye moto asubuhi mpaka ikaze. Nilijua kwa kiganja ilipokuwa tayari. Hakuna kitu nilichokipenda zaidi pale nyumbani, na nikisema hakuna nina maana hiyohiyo, hata watu wengine sikuwapenda kiasi kile.

Baada ya mavuno yalikuja mashindano. Kama hujawahi kuyaona kwetu Usukumani, yako hivi: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, jirani kabisa. Hakuna jaji. Watazamaji wako katikati, wanahama. Wakikupenda wanakuja kwako, wakikuchoka wanakuacha na vumbi lako wanaenda kwa mwenzako, na ukibaki na watoto na mbwa umeshindwa. Kwa hiyo watu walifanya kila aina ya vituko ili kuita macho. Walileta chatu, walileta fisi wa mbao mwenye taya linalofunguka, walipanda juu ya ngazi wakacheza huko.

Kina mama walikuwa wameachwa na watu misimu miwili mfululizo. Manju, yaani kiongozi wa ngoma wa upande wetu, mwanamume mwenye sauti nzuri na kichwa kikubwa, alikuja kumwambia Bibi kwamba wakiachwa tena, ngoma itahamia kwa wanaume, na kina mama watabaki kupiga vigelegele pembeni. Alilisema kwa adabu, akishika kofia yake. Bibi alimpa maziwa akanywa, akamsindikiza, akarudi akasema kwamba mwaka huu tutaleta ndege ya vita.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera, na kila mtu alikuwa na hadithi za ndege. Lakini aliyeziona kweli katika kijiji chetu alikuwa mmoja, jirani yetu fundi bati, aliyetengeneza koroboi na ndoo. Alirudi kutoka vitani na viungo vyake vyote, watu wakasema ana bahati. Sisi watoto tulijua jambo jingine. Ile ndege ndogo ya mgodi wa almasi wa upande wa Songwa ikipita juu, aliweka nyundo chini, akaingia ndani, akakaa mpaka mlio uishe. Hakuna aliyemcheka. Tulijifanya hatuoni.

Bibi alipomwomba aiunde, alikunja na kukunjua kipande cha bati. Kisha akamwomba amtafutie madebe.

Aliunda kiunzi kwa milingoti ya mkonge, akakivika madebe ya mafuta ya kula yaliyopasuliwa. Tumbo lilitoka zuri ajabu, kila mshono mahali pake, matundu ya magurudumu, mabomu yakining'inia. Lakini juu palibaki wazi. Bibi akamuuliza mgongo uko wapi. Akasema mgongo haujui. Alikuwa akiziona akiwa amelala kwenye handaki, na kutoka kwenye handaki unaona tumbo tu.

"Basi mgongo niachie mimi," Bibi akasema.

Na Bibi alijua mgongo mmoja tu mzuri. Akaweka nundu, ya gunia la pamba lililoshindiliwa mabua. Akaweka pembe. Halafu akainama akayatazama yale mabomu, akasema kwamba nyumbani kwake kinachoning'inia chini ya tumbo sharti kitoe maziwa. Mabomu yakang'olewa. Mahali pake pakashonwa kiwele cha mpira wa baiskeli, chenye chuchu zilizofungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ikapandishwa mpaka kwenye nundu, alipokaa rubani. Rubani nilikuwa mimi kwa kuwa nilikuwa mwepesi, na kofia yangu ilikuwa sufuria.

Mwalimu wetu alipita kuitazama. Alikuwa na karatasi ya ukutani yenye ndege za kivita na majina yake, na alituambia waziwazi kwamba aina hii haipo popote duniani, haiwezi kuruka, na itatuaibisha. Bibi alimwamkia vizuri, akamwambia kwamba ng'ombe pia hawaruki na hakuna aliyewahi kumwona akiwadharau.

Siku ya mashindano, kabla hata hatujafika uwanjani, bawa la kushoto lilinasa kwenye mkokoteni wa ng'ombe likang'oka zima. Kina mama wanne waliokuwa chini wameibeba wakasimama. Mmoja alianza kulia, akasema turudi. Kutoka uwanjani tulisikia umati ukishangilia chatu wa wenzetu.

"Bawa moja linatosha," Bibi akasema. "Hatuendi mbali."

Tukaingia hivyo hivyo, tumeinama upande mmoja. Kwenye duara letu kulikuwa na watoto, mbwa, na jirani yetu fundi bati aliyekuja na nyundo yake endapo kitu kingelegea. Ngoma ikalia. Kina mama wakazunguka na ndege, na kwa kuwa ilikuwa imeinama, lile tumbo alilolitengeneza kwa mikono yake likaja moja kwa moja juu ya kichwa chake.

Akaanguka. Hakuna aliyemsukuma. Alilala kifudifudi, mikono kisogoni, uso kwenye vumbi, nyundo imemtoka. Ngoma ikanyamaza. Mtu wa duara la pili akacheka kwa nguvu, na ndipo watu wakaanza kuhama kuja kwetu, si kwa sababu ya kutupenda, walikuja kuona mwanamume aliyelala chini kwa kuogopa madebe. Nilimwona manju akija nyuma yao. Nilijua ngoma imekwenda, na nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale.

Bibi angeweza kuamuru tuiondoe ndege. Badala yake aliwaambia kina mama waishushe zaidi, juu yake kabisa. Akapiga magoti kwenye vumbi kando ya jirani yetu.

"Geuka, baba. Litazame tumbo lake," akamwambia. Kisha akanitazama mimi. "Fungua, mayu," yaani mama, kama alivyozoea kuniita.

Nikavuta kamba. Maziwa yakamwagika shingoni mwake, ya asubuhi hiyo, yenye povu. Kisha akageuka taratibu, yakamwingia machoni, yakamwingia mdomoni, na alikuwa analia na kumeza kwa pamoja. Akanyoosha mkono akashika chuchu moja ya mpira aliyoifunga mwenyewe.

"Hii ni ya kwetu," akasema.

Akainuka. Bibi akaipiga ngoma kabla hajamaliza kusimama, na sijawahi kusikia ngoma ikipigwa vile tena. Watoto wakagombania maziwa, wazee wakagombania maziwa, duara la chatu likabaki na chatu. Manju alicheza mpaka kofia ikamwanguka. Suala la ngoma kuhama halikuzungumzwa tena.

Jumatatu mwalimu alituambia darasani kwamba ile bado haikuwa ndege ya kweli. Hakuwa amebadilika, wala mimi. Lakini ndege ya mgodi ilipopita wiki hiyo, jirani yetu alibaki uani, nyundo mkononi, akakinga macho kwa mkono wa pili akaitazama mpaka ikapotea.

Sasa pale uwanjani pana kituo cha mafuta. Bati la ndege liliezeka banda la kuku, na banda lenyewe halipo. Kulima kwa zamu kumekwisha, watu wananyunyizia dawa ya magugu kila mtu kivyake, kimyakimya. Bibi amelala, jirani amelala. Ninawakumbuka na inaniuma, sitakuficha. Ngoma iko hapa dukani, juu ya magunia, na wachimbaji wakija kununua mchele huigonga kwa vidole wakiuliza inauzwa bei gani. Haiuzwi.

Leo asubuhi mwanangu alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akatoa simu, akaniuliza basi aihamishie wapi. Nikamwambia aiache hapohapo kwenye uongo, ila kwanza aniletee kutoka fungu lake la kweli ndege moja, moja tu, iliyowahi kumwinua mtu kutoka chini.

Bado anatafuta.