Mlango Usio na Ukuta

Siku ile Mowlid Warfa ndiye mtu pekee aliyefika mpakani karibu na Rhamu akiwa na pasipoti, na ndiye mtu pekee aliyezuiwa.

Wengine walipita. Alipita mama mmoja na mbuzi wake, ambao hawakuulizwa uraia. Walipita punda wenye magunia ya vitunguu. Walipita vijana wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira, kisha wakapita tena wakirudi, kwa kuwa ubishi ulikuwa haujaisha. Mto Daua, ambao ramani huuchora kwa rangi ya samawati na kuutaja kuwa mpaka wa Kenya na Ethiopia, ulikuwa umekauka. Ulibaki mchanga, na madimbwi machache ambayo nyani na akina mama waliyatumia kwa zamu.

Vitabu vinene vimeandikwa kueleza dola ni kitu gani. Pale ukingoni dola ilikuwa kontena la chuma, kamba iliyofungwa kutoka kwenye kontena hadi kwenye mgunga, na Ofisa Kinoti, mtu wa Meru, aliyeketi pale vivuli vya hivyo viwili vilipokutana. Kamba yenyewe ilikuwa fupi. Kulia kwake na kushoto kwake nchi ilikuwa wazi kadiri jicho linavyofika.

Mowlid aliitoa pasipoti yake kwenye mfuko wa nailoni, akaifungua kutoka kwenye kitambaa, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kinoti alitazama picha, akamtazama mwenye picha, akageuza kurasa.

"Hii ilikwisha mwaka jana, bwana."

"Haiwezekani. Tangu niende Jijiga sijaitumia hata mara moja."

"Haiishi kwa kutumiwa. Si sabuni."

Ni kweli kwamba hakuitumia. Mowlid alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kuaminika, na miaka yote aliyokaa Jijiga, huko Ethiopia, pasipoti ililala sandukuni kando ya msahafu wake. Tofauti ni kwamba msahafu aliufungua. Pasipoti aliiheshimu mno, hata haikumpitia akilini kwamba kitu kilichotunzwa vile kingeweza kufa chenyewe mle kitambaani.

"Kitambulisho je?"

"Kiliibwa. Pamoja na suruali."

Kinoti alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu, maana mtu mbaya angechukua chochote akamwachilia. "Karatasi hii inaniambia ulikuwa Mkenya mpaka mwaka jana," alisema. "Baada ya hapo mimi sijui umekuwa nini."

"Ofisa, baba yangu anakufa. Yuko hapo, nyumba ile yenye bati jekundu. Unaiona?"

Kinoti aliiona. Alisema pole sana, na alimaanisha. Alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akapiga simu kwa wakubwa, akasimama muda mrefu akiitikia ndiyo afande, ndiyo afande. Wiki ile kulikuwa na hofu ya mashambulizi barabarani na amri zilikuwa kali.

"Wamesema urudi ng'ambo usubiri. Aje mzee mmoja wa jopo la vitambulisho akutambue hapa mbele yangu, kisha nikuingize. Kuna mzee mmoja wanayemwamini sana huko juu. Anaitwa Mzee Warfa."

"Ndiye baba yangu."

Kinoti alikuna kidevu. "Basi hata angekuwa mzima isingefaa. Mtu hawezi kumtolea ushahidi mwanawe."

Kwa hiyo Mowlid alishuka kwenye mchanga, akavuka tena kwenda Ethiopia mbele ya macho ya serikali, akaketi chini ya mkoma akiitazama nyumba ya baba yake.

Hapa lazima tumweleze Mzee Warfa, kwani bila yeye mtu angeuliza kwa nini fundi huyu hakutembea hatua chache pembeni mwa kamba akaingia kwao.

Mzee Warfa alianza maisha kama tarishi katika ofisi ya serikali. Alikuwa amepata kipande chake, yaani kitambulisho, ukubwani, baada ya kuchujwa na kuchujwa tena, kuulizwa babu wa babu yake, kufunguliwa mdomo kama ngamia sokoni. Mtu mwingine angetoka pale akiichukia karatasi. Yeye alitoka akiiabudu, na alipostaafu aliwekwa kwenye jopo la wazee wanaokaa na maofisa wa bara kila vijana wanapoomba vitambulisho, ili waseme huyu ni wetu, huyu si wetu. Neno lake lilikuwa zito kuliko muhuri. Na hakuwahi kumpitisha mtu ambaye yeye mzee alijua kwamba aliingia kwa mto.

Hakumpitisha hata Keinan. Keinan alikuwa mtoto wa nduguye mdogo, na kosa lake ni kwamba mama yake alishikwa na uchungu mwaka wa ukame, akiwa amewavusha mbuzi kufuata majani. Maofisa walipouliza kijana huyu kazaliwa wapi, jopo zima lilitazama sakafu. Mzee Warfa akasema, "Ng'ambo." Sheria inasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya popote azaliwapo, lakini sheria haikuwa imeketi pale siku ile. Aliyekuwa ameketi ni Mzee Warfa. Tangu hapo Keinan aliishi kwa kuvusha vitunguu na sukari kwa punda, akivuka kila siku mpaka ambao kisheria hakuwa na ruhusa ya kuukaribia.

Ndiyo maana mzee alipougua, na Mowlid akamwambia kwa simu kwamba anakuja, alijibiwa kwa sauti ambayo tayari ilikuwa na mluzi ndani yake: "Njoo, mwanangu. Lakini ingia kwa mlango. Usinivunjie jina."

Dada yake, Muslimo, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alipiga simu jua lilipokuwa kali.

"Uko wapi, walaal, ndugu yangu?"

"Naiona kanga yako kwenye kamba ya nguo."

"Basi njoo!"

"Wanataka mzee wa jopo."

"Wazee wote wako hapa sebuleni wanamsomea aabo Yasini. Nimwondoe nani? Nimwambie nani aache Yasini aende akasimame mbele ya kontena?"

Nyuma ya sauti ya dada yake Mowlid alisikia kisomo, na chini ya kisomo kitu kama msumeno ukikata mti mbichi polepole. Alielewa kwamba ni pumzi ya baba yake.

"Anakuuliza," alisema Muslimo. "Kila akifumbua macho anakuuliza."

Alasiri haijafika, Keinan alitokea na punda wake, amevaa shati la njano, akamkuta binamu yake chini ya mkoma na viatu vyake vimepangwa kando kama mtu aliye msikitini.

"Warya, Mowlid! Unangoja basi?"

"Nangoja kibali."

"Kibali cha kwenda kumwona baba yako?" Keinan alicheka, kisha akaona hakuna wa kucheka naye. "Inuka. Shika mkia wa punda huyu, yeye anajua njia. Tunapita pale kwenye mashamba ya mahindi. Kinoti mwenyewe akituona atageuka atazame Meru."

"Baba alisema niingie kwa mlango."

"Mlango gani, ina adeer, binamu yangu?" Keinan alinyoosha mkono upande wa kontena na kamba yake, kisha akauzungusha mpaka akamaliza upeo wote. "Umeona ukuta?"

"Wewe unajua wangapi aliwakataa kwa ajili ya mto huu. Nikipita leo mchana, mwanawe wa kumzaa, watasema nini kesho matangani?"

"Najua aliowakataa," alisema Keinan. "Mmoja wao naweza kukutajia hata jina la mama yake."

Hata hivyo alivuka, akaenda mwenyewe hadi kwenye kontena. Mowlid alimsikia kutoka ng'ambo, kwa kuwa Keinan hajui kusema kwa sauti ndogo, na Kiswahili chake huwa kinapigana na kila neno.

"Ofisa! Huyu mtu ya hapa. Basiboti yake imekufa, lakini yeye iko hai!"

"Na wewe kitambulisho chako kiko wapi?" aliuliza Kinoti.

Keinan akashika kamba ya punda wake akaondoka.

Mzee Warfa alikufa baada ya sala ya alasiri. Mowlid hakuhitaji simu. Aliona wanaume wakitoka nyumba kwa nyumba wakielekea kwenye bati jekundu, na kanga ya Muslimo ikaondolewa kwenye kamba ya nguo. Simu ilipolia alisema "Inna lillahi" kabla dada yake hajasema lolote. Muslimo alikuwa amewaomba wangoje. Wazee walimjibu kwa upole kwamba maiti hangojeshwi, na kwamba marehemu mwenyewe katika uhai wake hakuwahi kuchelewa popote.

Makaburi ya upande ule yako kwenye mwinuko juu ya mto, kwa hiyo aliona kila kitu. Aliona jeneza likibebwa mabegani na watu wakipokezana haraka haraka, kila mmoja akitafuta thawabu ya hatua chache. Aliona safu zikipangwa. Sasa, Makka iko kaskazini mwa Rhamu, na Mowlid alikuwa kaskazini mwa mto. Waliposimama kumsalia baba yake, mji mzima ulimwelekea yeye, kama kwamba yeye ndiye waliyekuja kumsalia. Naye, ili aswali pamoja nao, ilimbidi awageuzie mgongo.

Aligeuka. Takbiri ya kwanza ilivuka mto bila kuulizwa chochote. Akainua mikono. Mbele yake palikuwa na Ethiopia, mwiba na vumbi na mbuzi mmoja aliyemkodolea macho. Baba yake alikuwa nyuma yake, na kila takbiri ilimfikia kisogoni. Alipotoa salamu na kugeuka, jeneza lilikuwa limeshaondolewa pale lilipokuwa, na mtu mmoja alikuwa ameruka kaburini kumpokea maiti. Kazi hiyo ni ya mwana. Asipokuwepo, ni ya mwanamume wa karibu katika ukoo. Alimtambua kwa shati lake la njano: alikuwa Keinan.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mzee Hanad, mjumbe wa jopo, alipoteremka hadi kwenye kontena, mikono ikiwa bado na udongo. Kinoti alimwita Mowlid kwa filimbi. Mzee Hanad alimtazama usoni kama sheria inavyotaka.

"Unamjua mtu huyu, mzee?"

"Ni mtoto wa yule tuliyemzika sasa hivi."

"Ni Mkenya?"

Mzee Hanad alinyoosha mkono wenye udongo kuelekea makaburini. "Baba yake amelala pale," alisema. "Kama ile ni Kenya, huyu ni Mkenya."

Kinoti aliandika kibali, akakipiga muhuri, akavua kofia. Kisha, ingawa mtu angeweza kuizunguka ile kamba kwa hatua mbili, aliifungua yote kutoka kwenye mgunga, akaiweka chini taratibu, ili Mowlid Warfa aingie nchini mwake kwa mlango.

Matangani hakuna aliyemsema. Watu walimsifu. Walisema huyu ndiye mtoto wa Warfa kweli, amefuata neno la baba yake mpaka mwisho. Mowlid aliitikia akimwagiwa sifa kama mtu anayemwagiwa maji baridi. Jambo moja tu lilimsumbua, akamuuliza sheikh kuhusu sala yake ya ng'ambo. Sheikh alisikitika. Alisema aliyesimama mbele ya imamu hahesabiwi kuwa ameswali na jamaa. Lakini mlango haujafungwa, alisema, na Mowlid alishtuka kidogo kwa neno hilo. Aliyekosa jeneza anaweza kwenda kuswali kaburini.

Asubuhi alikwenda, na Keinan akamsindikiza kumwonyesha kaburi, maana Mowlid alilijua kutoka upande wa pili tu. Udongo ulikuwa bado na rangi ya ndani. Walisimama, Keinan akikwangua tope kavu kwenye kiwiko.

"Jana nilikuwa naye," alisema Keinan. "Baada ya kutoka pale kwako. Alifumbua macho akakuuliza. Muslimo akamwambia, Mowlid yuko mpakani, aabo, anangoja kibali, anataka kuingia kwa mlango kama ulivyosema."

"Akafurahi?"

Keinan aliendelea kukwangua kiwiko. Inawezekana alikuwa anapima kama neno hili ni zawadi au kisasi, na huenda hata yeye hakupata jibu.

"Alisema, 'Mjinga. Mto si umekauka?'"

Mbuzi walikuwa wakilia mahali fulani kule chini.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Kisha akaomba maji. Mimi ndiye niliyempa. Mimi, ina adeer. Miaka yote hii mto ule ule ulikuwa dhambi yangu. Kumbe alikuwa anajua ukikauka unapitika."

Mowlid alivua viatu. Alisimama nyuma ya kaburi, akaelekea kaskazini, na safari hii baba yake alikuwa mbele yake kama inavyopaswa. Alipoinua mikono kwa takbiri ya kwanza, macho yake yalipita juu ya udongo, juu ya mchanga wa mto, yakatua ng'ambo kwenye mkoma aliokuwa ameketi chini yake. Aliweza kuona hata chupa ya maji aliyoisahau kwenye shina.

Hapakuwa mbali. Mama mmoja alikuwa anavuka na mbuzi wake, na kabla Mowlid hajamaliza sala, walikuwa wameshafika.