Mtegemezi wa Nani?

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, nilikwenda ofisi ya bima ya afya Kibaha kuondoa jina la marehemu mume wangu. Feni ilizunguka polepole, nikawa kama niko ndotoni.

Mbele yangu binti aliwaandikisha wazazi wake, wafugaji waliohamia Dutumi kutoka kaskazini.

"Mzee, nakuandika mtegemezi wa binti yako," karani akasema.

Mzee akainuka. "Mtegemezi? Huyu nimemlisha mimi! Twendeni zetu."

"Baba, na moyo wa mama utatibiwaje?"

Mzee akamtazama mkewe anavyohema, akaketi taratibu. "Haya, andika. Lakini sote hapa tunamtegemea huyu mama."

Waliotunga neno hilo nadhani hawakulelewa na mtu. Mume wangu naye aliandikwa hivyo hivyo, na ndiye niliyemwegemea. Ee Mungu, umpumzishe kwa amani.