Kurasa za Wachochea Makaa

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi ile bibi mmoja wa Kiingereza, Bi Edith, alipokuja mbele ya meza yangu kuuliza jina la babu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Unguja, naishi Ilford, London, kwa shangazi. Miaka ya tisini hiyo. Nilikuwa na kazi ya mkataba katika ofisi moja ya nyaraka za zamani: kuingiza kwenye kompyuta majina ya wafanyakazi wa meli za mvuke, zile za enzi ya Malkia Victoria zilizovuka Atlantiki kwenda New York. Kila safari ilikuwa na kurasa zake: nahodha, maafisa, wapishi, wahudumu wa abiria, na mwisho kabisa wachochea makaa, watu wa chini ya meli, waliolisha matanuri kwa sepetu katika joto la kubabua ngozi.

Mimi sikuwa na utulivu. Kila wiki naomba kazi pengine, kila dakika natazama saa. Na wale wachochea makaa walikuwa wengi mno, tena karani wa meli aliwaandika kwa mwandiko mbaya. Nikasema, nani atawaulizia hawa? Nikawa naziruka kurasa zao, naandika kwamba meli imekamilika.

Basi Bi Edith akanieleza kuwa babu yake alikuwa mchochea makaa, akasafiri asirudi.

"Mama yangu anakaribia miaka mia," alisema. "Tangu utotoni anaambiwa baba yake aliwatoroka, akaoa Marekani. Anataka kujua tu."

Akaitaja meli. Nilikuwa nimeiingiza mwenyewe. Nikabonyeza bonyeza, nikamjibu, "Samahani, hayumo."

Akanishukuru, akaenda zake.

Wiki tatu sikupata raha. Naanza kula, naacha. Nashuka treni kituo kisicho changu. Mwisho nikamwendea mkuu wangu, Bwana Kanti, Mhindi wa Kisumu aliyekaa mtaa wa Kingsbury. Sisi wawili tukizungumza Kiswahili. Nikamweleza yote. Hakupaza sauti.

"Wewe ukifa leo hapa London," aliniuliza, "utaandikwa ukurasa gani?"

Akainuka kitini, akakunja mikono ya shati.

"Haya, kalete boksi. Na hilo koti vua."

Tulimpata kabla ya adhuhuri. Mbele ya jina lake karani aliandika kwamba amekufa kwa joto siku ya nne ya safari, amezikwa baharini. Hakumtoroka mtu.

Nikampigia simu Bi Edith palepale. Nikamsomea neno kwa neno.

"Mama tumemzika Jumanne," akasema. "Lakini ahsante, kijana, kwa kumtafuta."

Angenitukana ningepata nafuu. Nikakaa miezi mitano naziingiza kurasa zote nilizoziruka, wala sikuomba kazi pengine.

Sasa nakuona na wewe, mwanangu, hujamaliza mwezi kazini ushachoka. Sikukatazi kutafuta pazuri zaidi. Lakini iliyo mikononi mwako leo ifanye yote, hata pale asipopita mkaguzi, maana hujui nani anangoja. Na ukikosea, sema siku ileile. Mimi nilichelewa wiki tatu tu, na yule mama mzee wa Bi Edith akafa akiamini baba yake hakumtaka.

Mungu akutulize moyo, akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, na akukutanishe na watu wema popote riziki itakapokupeleka. Amin.