Jiwe la Juu ya Mlango

Ukimtaja Ianthe Quashie pale kisiwani Carriacou, huku Karibi, watu wa kijiji chetu watakupa habari za mnara kabla hawajakuuliza hali. Ulikuwa mnara wa kinu cha upepo cha kukamulia miwa, wa mawe na chokaa, kazi ya mikono ya watumwa. Kuuzunguka palikuwa na uwanja wa majani usiojua uzio. Mwenye shamba wa mwisho alituachia kwa hati: uwanja ni wa kijiji kizima maadamu mnara umesimama. Ukianguka, ardhi inarudi kwa warithi wake.

Basi Ianthe, mwashi binti wa mwashi, akajitwika mnara bila kuombwa na mtu. Miaka thelathini alichoma makombe ya baharini kupata chokaa, akaziba nyufa, akang'oa miche iliyoota ukutani. Na ole wako akukute unachomoa jiwe. Angekusema mpaka wakwe zako wasikie. Kila mwaka baada ya mavuno, mifugo ilipofunguliwa kamba izurure itakavyo, mbuzi wa kijiji walijaa uwanjani, naye akikaa mlangoni pa mnara kifua mbele, kama mama wa bwana harusi.

Kisha mumewe, Cosnel, akafariki. Kwetu kaburi hungoja jiwe. Miaka hupita mpaka marehemu mwenyewe aje ndotoni kulidai, ndipo ndugu huchinja, humwaga ramu chini na kumwekea. Cosnel alimjia Ianthe ndotoni amelowa, anatetemeka. Alisimama mbele ya mnara akilionyesha kwa kidole lile jiwe refu la juu ya mlango.

Afadhali Ianthe angempa jiwe jingine. Nalisema hilo leo, mimi niliyekula nyama ya karamu ile ya kumwekea jiwe na kulamba vidole. Lakini mapenzi yalimziba macho. Alilitoa lile jiwe, akatia gogo mahali pake, akajiambia litatosha. Uriah, mdogo wake Cosnel, alimsaidia kubeba.

Baada ya hapo nani angekatazwa? Kila aliyeota alikwenda mnarani na mtaimbo. Ianthe alipowakemea, walimjibu kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Dada Ianthe, kwani aliyekufa ni wako peke yake?"

Mchwa nao walikuwa wameshaingia kwenye gogo. Mvua za Oktoba zikaangusha upande wa mlango, na ukuta uliobaki ukafuata.

Warithi wakaandika kutoka ng'ambo kwamba watakuja baada ya Krismasi. Ianthe akaita watu waujenge mnara upya kabla ya siku hiyo. Walikuja, tena wengi, wakapika sima na kuku, wakachanganya chokaa, halafu wakakaa kungoja mawe. Mawe yalikuwa makaburini, na hakuna aliyekuwa tayari kumfunua babake. Ianthe akaona aanze yeye. Uriah alimkuta kwenye kaburi la Cosnel, ameshachomeka mtaimbo chini ya jiwe.

"Shemeji," Uriah alisema, "jiwe hili tulimpa kwa mikono yetu. Ukimvua leo, akirudi kulidai utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilikosea."

"Na sisi je? Sote tulikula."

Ianthe alisukuma mtaimbo mara moja, jiwe likainuka kidogo. Kisha akauachia, akakaa chini akalia mpaka sauti ikamkauka. Jiwe halikutoka. Baada ya Krismasi warithi wakaja, wakaupima uwanja, wakauzungushia waya.

Mwaka jana, alipoanza kuugua, aliwaita wanawe na Uriah.

"Nikifa, mimi msiniwekee jiwe," aliwaambia. "Hata nikija ndotoni nikilia, msinisikilize."

Wanawe walimsihi asiseme maneno hayo, kwani kwetu mtu asiye na jiwe hapumziki. Ianthe hakubishana nao. Alichukua kamba, akatoka kumfunga mbuzi wake, maana siku hizi hata baada ya mavuno mbuzi wetu hufungwa.