Ugonjwa wa Meneja

Kwa miaka thelathini na minane ya uuguzi Sista aliwaambia wagonjwa wake maneno yale yale: niambie ulichokunywa, usinifiche, mimi si polisi. Na kwa miaka thelathini na minane walimficha. Walificha vidonge vya kuazima kwa jirani, walificha mizizi waliyochemshiwa na shangazi, na mmoja aliapa hajagusa pombe huku chumba kizima kinanuka pombe. Sista aliwakaripia mpaka wodi nzima ikanyamaza. Alistaafu bila kuelewa mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anawezaje kumdanganya yule yule anayehangaika kumponya.

Alistaafu yeye, lakini mtaa haukumstaafisha. Mtoto akipata homa, hodi kwa Sista. Mtu akijikata na kisu, hodi kwa Sista. Dawa alizitunza kwenye kopo la biskuti, zimetolewa kwenye pakiti zake na kumwagwa pamoja, kwa sababu yeye vidonge alivijua kwa sura. Binti yake alipomletea visanduku vyenye majina ya siku, alivishukuru, akavitilia vifungo vya mashati. "Maandishi ni ya wanafunzi," alisema, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mgonjwa wake mkubwa alikuwa ndani ya nyumba. Mumewe, mpimaji ardhi wa zamani, alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakamkimbia karibu yote. Yaliyobaki yalikuwa machache: ndiyo, hapana, maji, mimi, na Meneja. Meneja alikuwa mbwa wao wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mzee ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mbwa yule alizunguka uani kutwa akikagua kazi za watu wote bila kugusa hata moja. Neno la kwanza Mzee kulitamka baada ya kuugua lilikuwa jina la mbwa, si la mke. Sista alisema amesamehe. Alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu aliyesamehe.

Kila siku Mzee alimeza vidonge saba kutoka kiganjani mwa mkewe. Alifungua kinywa, akameza, wala hakutazama. Huyu ndiye mtu ambaye enzi zake hakuiamini hata kamba mpaka aipime mara mbili, akawagombanisha majirani kwa ajili ya hatua moja ya shamba. Kwa mkewe hakupima kitu. Sista aliujua uzito wa jambo hilo, na katika siku ngumu, siku za kumwosha na kumbadilisha nguo, lilikuwa ndilo lililomtia nguvu.

Kisha Meneja akaanza kuchechemea. Sista alimpapasa nyonga, akatikisa kichwa kama daktari, akafungua kopo. Alimpa vidonge vyake mwenyewe vya magoti, nusu asubuhi na nusu jioni, ndani ya tonge la mkate. Siku ya tatu Meneja akawa anakimbia tena uani. Sista alifurahi, akatamba kidogo kwa jirani. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini yeye alikuwa amewapigia watu kelele maisha yake yote kwamba dozi lazima imalizwe, hata ukijisikia umepona. Basi akaimaliza, siku saba kamili, wala hakuruka hata moja.

Siku ya nane mbwa aligoma kula. Siku ya tisa akatapika, na choo chake kikawa cheusi ti, kinanata. Sista alikitazama akiwa ameshika ufagio. Choo cha namna hiyo alikwisha kukiona kwa binadamu, akajua ni damu ya tumbo lililochubuliwa na vidonge. Tusimtafutie visingizio: alijua tangu pale. Daktari wa mifugo wa mtaani alimgusa mbwa tumbo, akaandika barua ya kuwapeleka kwenye kliniki kubwa ya wanyama, kwa daktari bingwa. Mzee alikataa kubaki nyumbani. Aliingia mwenyewe kwenye teksi ya jirani, akagonga kiti kwa fimbo ili waondoke.

Kliniki ilikuwa safi kuliko hospitali aliyoitumikia Sista, jambo lililomuudhi hata katika hali ile. Karani alimpa fomu. Umri wa mnyama, uzito, chanjo. Swali la sita liliuliza kama mnyama amepewa dawa yoyote nyumbani. Kalamu ikasimama. Pembeni yake Mzee alikuwa ameinama, mkono wake mzima umeshika shingo ya mbwa, na mbwa anahema juu juu. Sista akaandika: Hapana. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida.

"Meneja!" karani akaita. Bwana mmoja aliyevaa tai, mwenye paka ndani ya kikapu, akanyanyuka nusu, akakaa tena kwa aibu. Siku nyingine Sista angecheka mpaka machozi.

Daktari bingwa alikuwa binti mdogo, rika la kitinda mimba wake, kucha fupi, sauti ya chini. Alimpandisha Meneja mezani, akamfungua mdomo, akabonyeza ufizi uliopauka.

"Mama, kuna dawa yoyote mlimpa nyumbani? Hata ya binadamu?"

"Hapana, daktari."

Lilitoka laini, bila kukwama. Sista alishtuka kuona uongo ni mwepesi hivyo. Kilichomfunga mdomo hakikuwa daktari. Madaktari alikwisha kuwazoea. Alimwogopa yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, aliyempa kinywa chake kila siku bila kutazama. Akisikia kwamba mkono ule ule ndio uliomlisha Meneja sumu, atafungua tena kinywa kwa lipi?

Daktari akageuka. "Na wewe baba? Unajua chochote alichokula, alichokunywa?"

Mzee akamwangalia mkewe kwanza. Kisha akasema, kwa sauti safi ambayo Sista hakuwa ameisikia kwa wiki kadhaa, "Hapana."

Alikuwa anamtetea, bila hata kulipima neno lake. Sista aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Basi," alisema daktari, "inawezekana amemeza kitu kigumu kimemchana ndani. Tutampiga picha ya tumbo, na huenda tukampasua leo leo. Lakini ana maumivu makali, ngoja nimtulize kwanza." Akavuta droo, akatoa kichupa na bomba la sindano. Kichupa kilikuwa na lebo nyeupe, na Sista, ambaye kwake maandishi ni ya wanafunzi, alilisoma jina kutoka upande wa pili wa meza. Dawa ile ilikuwa ya ukoo mmoja na vidonge vyake vya magoti. Tone moja juu ya vile vidonge vilivyokwisha kuingia, na Meneja hatatoka mlangoni akiwa hai.

Sindano ikaanza kujaa.

"Usimdunge," alisema Sista.

Daktari akasimamisha mkono.

"Usimdunge. Nimempa mimi. Vidonge vyangu vya magoti. Nusu kidonge mara mbili kwa siku, siku saba. Cha mwisho juzi jioni." Alilitaja jina la dawa na nguvu yake, amenyoosha mgongo, kama anayekabidhi wagonjwa mwisho wa zamu. Hakugeuka kutazama kwenye kiti.

Alisubiri kukaripiwa. Alitaka kukaripiwa, maana hilo angelijua namna ya kulibeba. Daktari alirudisha kichupa, akasema tu, "Asante kwa kuniambia, mama. Ngoja nimwekee dripu sasa hivi."

Damu ilipopimwa, majibu yalikuwa mabaya. Tumbo lina vidonda, na figo zimeumia sana. Atalazwa, pengine siku tatu, pengine tano, na daktari hakuahidi chochote. Mhudumu akamsukuma Meneja kwenye kitoroli. "Meneja," Mzee akaita. Sikio lililosimama likatikisika, kichwa hakikuinuka, na mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili kwenye korido, kwenye benchi la chuma. Sista alianza kusema, akaacha, akaanza tena.

"Mzee wangu, nilitaka kumsaidia. Alikuwa anaumia. Niliona amepata nafuu, nikadhani..."

Mzee hakuonekana kukasirika. Alikuwa anautazama mkono wa mkewe uliolala kwenye benchi, anautazama polepole, kuanzia kucha hadi kifundoni, kwa macho yake ya zamani ya kazi. Midomo yake ilianza kuhangaika. Ilichukua muda mrefu, na Sista, aliyezoea kummalizia maneno, safari hii hakummalizia.

"Na... mimi?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi: wewe? Hata siku moja! Akafungua kinywa alitoe. Hapo ndipo ikamjia ile wiki ya mwaka jana, duka la dawa lilipobadilisha aina, vidonge vya dawa mbili tofauti vikawa vyeupe na vya duara vyote, na yeye akavichagua kwa jicho kama siku zote. Wiki ile Mzee alilala mchana na usiku, akashindwa hata kushika kikombe, na yeye akawaambia watu ni hali ya hewa. Mwenyewe alijiambia hivyo hivyo, wala hakulifikiria tena.

Alifunga kinywa. Mzee bado alikuwa anasubiri.

"Sijui," alisema Sista. "Kusema kweli, mume wangu, sijui."